Kabla Hujaangusha Ukuta, Uliza Umebeba Nini

Nyumba nyingi za mijini kwetu zimejengwa kwa awamu. Vyumba viwili vilianza, jiko likafuata, mwaka mwingine ikaongezwa sebule, na koridi ikabaki katikati, nyembamba na yenye giza. Siku fedha kidogo ikipatikana, mwenye nyumba anataka jiko lifunguke kwa sebule, au vyumba viwili vya watoto viwe kimoja kikubwa. Anaitwa fundi. Fundi anagonga ukuta kwa kitako cha nyundo, anasikiliza kidogo, kisha anatoa hukumu: "Huu ni wa kugawa vyumba tu, hauna kazi. Kesho jioni utakuwa haupo."

Mlio wa ukuta hauwezi kukuambia lolote kuhusu mzigo. Tofali la saruji lililojaa hulia vilevile liwe limebeba paa au halijabeba kitu. Unene pia hausaidii sana, kwa sababu katika nyumba zetu kuta za nje na za ndani mara nyingi ni za tofali lilelile la inchi 6, au inchi 5. Anayetaka kujua ukuta unafanya kazi gani hana budi kuacha kuutazama ukuta wenyewe, atazame kilicho juu yake, kisha kilicho chini yake.

Tuanze juu. Katika nyumba ya chini, bati limekaa juu ya papi, papi zimekaa juu ya kenchi, kenchi zimekaa juu ya mkanda au ukuta, ukuta umekaa juu ya msingi, na msingi juu ya ardhi. Kenchi iliyosanifiwa vizuri hukaa kwenye kuta mbili za nje na kuruka zote za kati. Ila kenchi nyingi za mitaani hazikusanifiwa na mtu. Fundi seremala alifika, akakuta kuta za ndani zimeshapanda hadi juu, akaona afadhali azitumie: akaegemeza mbao za kusimama juu ya ukuta wa koridi, akaunga mbao zilizolala palepale juu ya ukuta wa chumba. Kwa paa la namna hiyo, ukuta wa koridi ambao kila mtu anauona wa kugawa tu ndio unaobeba katikati ya paa.

Njia ya kujua ni kupanda darini. Fungua tundu la dari, chukua tochi, kanyaga mbao na si jipsamu, ukatazame. Je, kuna mbao ya kenchi iliyokaa juu ya ukuta huo? Je, mbao zilizolala zimeungwa juu yake, kiasi kwamba ukuta ukiondoka kiungo kitabaki kinaning'inia? Piga picha. Kama nyumba ni ya ghorofa, usijaribu kujibu peke yako: kuna ghorofa zenye nguzo na boriti ambamo kuta ni za kujazia tu, na kuna ghorofa ambamo zege la juu limekalia kuta zenyewe, na ukiwa ndani, baada ya lipu na rangi, zote mbili zinafanana.

Tena kuna kuta ambazo hazibebi paa lakini zinaushika ukuta mwingine usiyumbe. Ukuta wa nje wenye urefu wa mita 8 au 9 unasimama imara kwa sababu kuta za ndani zimeungana nao kila baada ya mita tatu au nne. Ondoa hizo za ndani, na ukuta mrefu unabaki peke yake mbele ya upepo. Hili linazihusu zaidi nyumba za siku hizi zenye paa lililofichwa, ambamo kuta za nje zimepandishwa kupita bati ili kulificha.

Sasa niseme jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha nusu ya matatizo. Ukimuuliza fundi ukuta ukitoka nini kitabeba cha juu, atanyoosha kidole: "Si kuna lenta?" Ni kweli lenta ipo. Imezunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, ina nondo nne za milimita 12 au 10, ina ringi. Lakini lenta ile ilifungwa ili ivuke mlango wa sentimita 90, au dirisha la mita moja na nusu, na sehemu nyingine zote ilikuwa imelala juu ya ukuta ikipumzika. Haikuwahi kuombwa iruke mita tatu na nusu hewani.

Tofauti si ndogo. Kwa mzigo uleule kwa kila mita, ukiuzidisha mara mbili urefu ambao boriti inauvuka, nguvu inayoipinda huongezeka mara nne, na kubonyea kwake huongezeka mara 16. Toka mlango wa sentimita 90 hadi uwazi wa mita 3.6, yaani mara nne, na nguvu ya kuipinda inakuwa mara 16, kubonyea mara 256. Wahandisi wana kipimo cha kukadiria, si cha kujengea: boriti ya zege iliyokaa kwenye ncha mbili huhitaji kina cha takriban sehemu moja ya 12 ya urefu wake. Kwa uwazi wa mita nne hiyo ni zaidi ya sentimita 30. Lenta yako huenda ina sentimita 15 au 20.

Kinachomdanganya fundi ni kwamba amewahi kutoboa mlango bila lenta mpya na hakikuanguka kitu. Tofali zilizofungana vizuri zina tabia hiyo. Ukitoboa uwazi mdogo, zile za juu hujishikiza zenyewe kwa umbo la tao na kuupeleka mzigo pembeni, na kinachobaki kuning'inia ni pembetatu ndogo tu juu ya uwazi. Lakini tao linahitaji ukuta wa kutosha pande zote mbili wa kuliegemea na kozi za kutosha juu yake. Panua uwazi hadi karibu na kona ya nyumba, au uupandishe hadi chini ya mkanda, na tao linakosa pa kuegemea. Ndiyo maana mtu anaweza kutoboa milango kumi salama na wa kumi na moja ukamwangukia.

Basi ukuta unaobeba ukiondoka, lazima iwekwe boriti ya kweli, au bimu kama mafundi wanavyoiita, iliyopigiwa hesabu kwa ajili ya uwazi ule na mzigo ule. Inaweza kuwa ya zege, inaweza kuwa chuma cha umbo la I. Ya chuma ina faida kwamba inabeba mzigo siku ileile inapokazwa, ila kwa nyumba za pwani ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla haijafunikwa na lipu. Ya zege ni nafuu na mafundi wanaifahamu, ila inadai subira. Nondo zake kubwa zikae chini, kwa sababu boriti ikibeba mzigo upande wa chini ndio unaovutwa, na zege halipendi kuvutwa. Kwenye roshani iliyochomoza nje ya ukuta mambo hugeuka: kinachovutwa ni cha juu, na nondo zikae juu. Roshani yenye nondo zilizozama chini kwa kukanyagwa na wamwagaji zege ni hatari inayongoja watu wasimame juu yake.

Kwa sababu hiyohiyo, hata kuongeza nguzo si jambo la kufanywa kiholela. Mtu anaona boriti ndefu imebonyea kidogo katikati, anasimamisha nguzo chini yake na kuikaza. Sasa boriti inapinda kwa namna nyingine: juu ya nguzo mpya upande wa juu ndio unavutwa, mahali ambapo huenda hakuna nondo za kutosha, na ufa unatokea juu, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Ncha za boriti ziingie ukutani kwa inchi 6 angalau kila upande, na tofali zinazozipokea ziwe nzima, zilizojaa, si vipande. Kwa mzigo mkubwa huwekwa kitako cha zege chini ya kila ncha ili mzigo usambae. Hapa ndipo wengi husahau kitu kizito kuliko vyote. Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye lipu pande mbili una uzito wa karibu kilo 350 kwa kila mita ya mraba. Kipande cha mita nne kwa mita tatu ni zaidi ya tani 4. Zege la ghorofa lenye unene wa sentimita 15 ni kilo 360 kwa mita ya mraba kabla hujaweka vigae, kwa hiyo la chumba cha mita nne kwa nne linakaribia tani 6. Mzigo huu haupotei ukuta ukiondoka. Zamani uliteremka kidogo kidogo kwa urefu wote wa ukuta hadi kwenye msingi uliochimbwa kwa ajili ya mzigo wa kusambaa. Sasa unashukia sehemu mbili tu, chini ya ncha mbili za boriti. Mara nyingi msingi pale unahitaji kuongezwa kitako, na hilo halionekani kwenye makadirio ya fundi kwa sababu hakuna aliyechimba kutazama. Na ukichimba kando ya msingi wa zamani, chimba kwa vipande vifupi, usiuache wazi wote kwa pamoja. Jengo la ghorofa lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20 liliripotiwa kuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini wakati linaanguka.

Utaratibu wa kazi yenyewe ni huu, na mwenye nyumba anaweza kuusimamia bila kuwa mhandisi. Kwanza, kabla ya tofali la kwanza kutoka, mzigo wa juu ushikwe. Kwa ukuta wenye tofali juu ya uwazi unaokusudiwa, hutobolewa matundu na kupitishwa vyuma au mbao nene kutoka upande mmoja wa ukuta hadi wa pili, kila baada ya mita moja au pungufu, na kila kimoja hushikwa na jeki mbili, moja kila upande. Kwa zege la ghorofa, jeki husimamishwa pande zote mbili za ukuta, na juu yake ubao mrefu. Mirunda inafaa ikiwa imenyooka na imefungwa mishazari isiteleze, lakini jeki za chuma zinakazwa vizuri zaidi. Chini ya kila jeki ulazwe ubao mpana. Kama chumba kiko ghorofani, jeki hazikomei kwenye sakafu ya chumba hicho. Zishuke nazo chini, nyingine zisimame palepale kwenye chumba cha chini yake, hadi mzigo ufike ardhini.

Ndipo tofali zitolewe, moja moja, kutoka juu kwenda chini, kwa tindo au grenda. Nyundo kubwa iliyopigwa katikati ya ukuta hutikisa nyumba nzima, ikiwa ni pamoja na kuta ambazo hukukusudia kuzigusa. Boriti ikiwekwa, nafasi kati yake na kilicho juu ijazwe mchanganyiko mkavu wa saruji ulioshindiliwa kwa nguvu. Ukiacha uwazi wa sentimita moja, siku ya kuondoa jeki kila kitu kitashuka sentimita moja kabla boriti haijaanza kazi. Na jeki zenyewe: boriti ya zege hupimwa nguvu yake kamili ikiwa na umri wa siku 28. Kwa uwazi wa kawaida wa nyumba siku 14 ndizo za chini kabisa, na kwa uwazi mkubwa 21, zege likimwagiwa maji siku zote za mwanzo. Fundi anayetaka jeki zake siku ya tano ana kazi nyingine Mbagala. Akatafute jeki nyingine.

Wanaopitisha mabomba na nyaya nao wana lao. Mfereji wa kusimama kwenye ukuta usizidi theluthi moja ya unene wake, na wa kulala usizidi moja ya sita. Kwa ukuta wa inchi 6 hiyo ni inchi mbili kwa wa kwanza na inchi moja tu kwa wa pili. Mfereji wa kulala pande zote mbili za ukuta, kwa kimo kimoja, umeukata ukuta. Boriti ya zege isitobolewe kwa bomba la choo bila mhandisi kuonyesha pa kutoboa, na nondo isikatwe kamwe.

Darini kuna desturi zetu zinazonitisha kuliko kuta. Dari ya jipsamu imefungwa kwenye mbao ndogo za mbili kwa mbili, na mbao hizo zilihesabiwa, kama zilihesabiwa, kubeba jipsamu tu, yaani kama kilo 10 kwa mita ya mraba. Gunia moja la mahindi ni kilo 100. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Watu huweka vyote hivyo darini kwa sababu nafasi ipo na haionekani. Ukitaka stoo darini au kitanda cha juu kwenye chumba chenye kimo kirefu, ijengwe sakafu yake yenyewe, yenye mbao zake, zinazokaa kwenye kuta zilizothibitishwa kubeba, bila kuning'inizwa kwenye kenchi. Sakafu ya kuishi huhesabiwa kwa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba juu ya uzito wake yenyewe; stoo huhitaji zaidi.

Mbao zisimame. Mbao ya mbili kwa sita iliyosimamishwa kwa ubavu ina nguvu mara tatu na ugumu wa kupinda mara tisa kuliko mbao ileile iliyolazwa, kwa bei ileile. Zifungwe vipande vya kati ili zisipinduke, na seremala asizikate mapengo ya kupitisha nyaya katikati ya urefu wake upande wa chini. Kama lazima kutoboa, tundu dogo katikati ya kina halina madhara makubwa.

Na kuna hili la kukata mbao ya chini ya kenchi. Mtu anataka dari ipande, chumba kionekane kikubwa, au apate nafasi ya kusimama darini. Mbao iliyolala chini inamzuia, anaikata. Mbao ile haikuwekwa kwa ajili ya kupigiliwa dari. Ni kamba ya upinde: inazishika ncha mbili za kenchi zisifunguke. Ikikatwa, uzito wa paa unazisukuma kuta kwa nje, polepole, na dalili ya kwanza ni ufa wa kulala chini ya mkanda, au pengo kati ya ukuta na dari. Inawezekana kuipandisha mbao hiyo juu zaidi au kubadilisha mfumo mzima wa paa, lakini hiyo ni kazi ya kuchorwa. Vilevile anayetoa bati na kuweka vigae vya zege ajue anatoka kwenye mzigo usiofika kilo 6 kwa mita ya mraba na kwenda kwenye kilo 40 au zaidi, juu ya mbao zilezile.

Kupandisha ghorofa juu ya nyumba iliyopo ni mada ya makala nyingine, ila neno moja. Nondo zilizoachwa zimechomoza juu ya paa bapa kwa miaka kumi zikingoja ghorofa zinaonyesha nia ya mwenye nyumba, hazionyeshi uwezo wa msingi. Vichimbwe visima viwili vitatu vya kutazama vitako vya nguzo, na zege lipimwe. Nondo zenyewe, hasa karibu na bahari, mara nyingi zimeliwa na kutu pale zinapoingia kwenye zege. Ghorofa ya nyongeza ilikuwa miongoni mwa mabadiliko yaliyoliangusha duka kubwa la Sampoong mjini Seoul tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502; jengo lilisanifiwa kwa matumizi mengine, nguzo zikapunguzwa, mashine nzito za kupoza hewa zikapandishwa juu. Hakuna badiliko hata moja kati ya hayo lililoonekana kubwa kwa aliyeliamuru.

Kwa wenye nyumba za mawe Unguja, Lamu au Mombasa ya zamani, karibu yote niliyosema kuhusu lenta na nondo yaweke kando. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita na zaidi, na zimebeba boriti za mikoko zilizolala kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu wa mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Anayetaka kuunganisha vyumba viwili kwa kuondoa ukuta wa kati anaondoa egemeo la boriti za pande zote mbili. Usifanye hivyo. Toboa mlango mwembamba wenye tao, mbali na kona, uridhike. Na usipige lipu ya saruji juu ya chokaa: unyevu unaopanda ukutani hukosa pa kutokea, ncha za mikoko zilizomo ukutani zinaoza mahali usipopaona. Sehemu ya Jumba la Maajabu la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa, wakati jengo likiwa katika ukarabati. Ndani ya Mji Mkongwe kazi yoyote ya namna hii hupita kwanza kwa mamlaka ya hifadhi, na nawasihi msiikwepe, kwa sababu wana mafundi chokaa ambao hamtawapata kwingine.

Bara nako kubomoa au kuhamisha ukuta unaobeba huhitaji kibali cha halmashauri, au cha serikali ya kaunti kwa walio Kenya. Wengi hawaombi. Hata kama hutaomba, jambo ambalo siliungi mkono, mlipe mhandisi aliyesajiliwa aje mara mbili: mara ya kwanza kabla ya kazi, apande darini, achimbishe pembeni ya msingi, aandike boriti ya ukubwa gani, nondo ngapi, za unene gani, zikae wapi, mara ya pili nondo zikiwa zimefungwa na zege halijamwagwa. Mpe fundi karatasi hiyo mkononi, usimweleze kwa simu. Nakala weka pamoja na hati ya nyumba, kwani atakayeinunua kesho naye atataka kuangusha ukuta.

Kazi ikiisha, jeki zikiondolewa, nyumba hutulia kwa wiki kadhaa, na nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida. Chora kwa penseli mstari mwishoni mwa kila ufa, uandike tarehe, uangalie kila wiki. Ufa unaorefuka au kupanuka ndio wa kukuhangaisha. Ukiona ufa wa mshazari unaoanzia kwenye ncha ya boriti mpya, na mlango wa jirani yake umeanza kukataa kufungwa, rudisha jeki chini ya boriti siku hiyohiyo, wahamishe wanaolala chumba hicho, ndipo umpigie simu mhandisi.